Ernest Starling, Mtu Aliyeyafuata Maji ya Mwili

Mwaka jana nilikuwa BTP kwenye shule moja ya kata, nafundisha Baiolojia kidato cha pili. Mada ilikuwa usafirishaji wa vitu ndani ya viumbe hai. Nikachora kapilari ubaoni: mshale mmoja unatoka nje upande wa ateri, mshale mwingine unarudi ndani upande wa vena. Nikaandika maneno ya kitabu, nikapangusa chaki mikononi, nikajiona nimemaliza. Dogo mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Alitaka kujua, kama presha ya damu ndiyo inayoyasukuma maji yatoke, sasa yakishatoka yanarudije wakati ndani bado kuna presha? Na kama hayarudi yote, mbona hatuvimbi?

Nilimjibu kwamba ni osmosisi. Nilisema kwa ile sauti ya mwalimu inayomaanisha swali limekwisha. Kengele ikagonga, nikaokoka. Ila usiku, nikiwa naandaa somo la kesho, nilijua kabisa kwamba sijajibu kitu. Osmosisi ya nini? Chumvi na sukari zinapita kwenye ukuta wa kapilari bila shida, kwa hiyo nje na ndani zinalingana. Kitu gani basi kinayavuta maji kurudi? Nilikuwa nimepata B ya fiziolojia na sikujua.

Niliporudi chuo ndipo nikakutana na Ernest Henry Starling. Jina lenyewe nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu ya ile sheria ya moyo inayobeba jina lake, na tuliikariri kama tunavyokariri kila kitu, ya kutoa kwenye mtihani na kusahau. Sikujua kwamba swali la yule dogo ndilo lililomshughulisha Starling alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, tena kwamba alilijibu mwaka 1896. Nitasimulia maisha yake hapa. Mtanisamehe nikikaa sana kwenye maji na kupita mbio kwingine.

Starling alizaliwa London tarehe 17 Aprili 1866, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi mahakamani Bombay, India, na nyumbani alikuwa akija mara moja kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo watoto walilelewa na mama. Wengi wetu tunazijua familia za namna hiyo: baba yuko mbali anatuma hela, mama ndiye serikali. Akiwa na miaka 16 tu, mwaka 1882, Ernest aliingia kusomea udaktari katika hospitali ya Guy's. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sura nzuri, mwepesi wa kuongea na mwepesi zaidi wa kukasirika. Mitihani ilikuwa haimsumbui.

Siku hizo Uingereza haikuwa mahali pa kujifunzia fiziolojia. Ukitaka sayansi hiyo unakwenda Ujerumani. Mwaka 1885 Starling akaenda Heidelberg kwa msimu mmoja, kwenye maabara ya Willy Kühne, na alirudi akiwa amebadilika. Aliona kwamba tiba ya kwao ilikuwa bado kazi ya kuzoea na kubahatisha, na kwamba mwili unaweza kupimwa. Pale Guy's palikuwa na mwanafiziolojia mmoja, Leonard Wooldridge, aliyekuwa akichunguza kuganda kwa damu. Starling alimwona kama kaka. Wooldridge akafariki mwaka 1889, bado kijana. Miaka miwili baadaye Starling alimwoa mjane wake, Florence, binti wa daktari mkubwa Edward Sieveking. Florence hakuwa mke wa kukaa pembeni. Yeye na mumewe walitafsiri kwa Kiingereza mihadhara ya Metchnikoff juu ya uvimbe, kitabu kilichotoka mwaka 1893, na kwa miaka mingi alimsaidia kazi za maandishi.

Mtu wa pili wa kumtaja mapema ni William Bayliss. Huyu alikuwa amemzidi Starling miaka sita, mtoto wa tajiri, mpole, asiye na haraka. Alianza kusomea udaktari akafeli anatomia, akaachana nao na kuhamia fiziolojia. (Mlio na sapu ya anatomia, jipeni moyo.) Walianza kufanya kazi pamoja karibu mwaka 1890, na mwaka 1893 Bayliss akamwoa Gertrude, dada yake Starling. Mashemeji wakawa pia maabara moja. Starling alikuwa moto, anataka matokeo leo. Bayliss alikuwa anarudia kupima mpaka aridhike. Nadhani kila mmoja peke yake angefika nusu ya walipofika.

Sasa tuje kwenye maji.

Mtu mzima wa kilo 70 ana kama lita 3 za plazma ndani ya mishipa ya damu. Nje ya mishipa, katikati ya seli, kuna maji mengine kama lita 11 hivi, yale yanayozilowesha seli na kuzipelekea chakula. Maji hayo yanatoka kwenye damu, na sehemu yake inaingia kwenye mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo. Hayo yalijulikana tayari. Kilichobishaniwa ni nguvu gani inayoyatoa.

Mjerumani Carl Ludwig alikuwa amesema jambo jepesi: ni kuchuja. Damu ina presha, ukuta wa kapilari ni kama kitambaa cha kuchujia tui, maji yanapenya na mengine yanabaki. Halafu akaja Rudolf Heidenhain wa Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Heidenhain alikuwa jabali la enzi hizo, na mwaka 1891 alitoa majaribio yaliyoonekana kuivunja hoja ya Ludwig kabisa. Alifunga kwa uzi vena kuu inayopeleka damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya mwili, juu kidogo ya ini. Damu isiporudi moyoni, presha ya ateri inaporomoka. Kama limfu ni kitu cha kuchujwa kwa presha, ingepungua. Kumbe ikaongezeka, tena sana. Pia alidunga kwenye damu ya mbwa maji yaliyotolewa kwenye misuli ya kamba wa mtoni, kwenye kome na kwenye vichwa vya ruba, na limfu ikaongezeka wakati presha ya ateri haijapanda. Kwa hiyo, akasema Heidenhain, hapa hakuna kuchuja. Seli za ukuta wa kapilari zinatengeneza limfu kama tezi inavyotengeneza mate. Zina uwezo wao wenyewe.

Mwaka 1892 Starling alikwenda Breslau kukaa kwenye maabara ya Heidenhain. Alikwenda kama mwanafunzi kwa mwalimu, akajifunza mbinu zake zote, na kwa muda alikuwa upande wake. Hapa ndipo ninapompenda. Aliporudi London hakuanza kwa kumpinga mtu. Alirudia majaribio yale yale na kuuliza swali moja ambalo Heidenhain hakuwa ameliuliza: presha mnayoipima mnaipima wapi?

Heidenhain alipima kwenye ateri. Limfu haitoki kwenye ateri, inatoka kwenye kapilari. Starling na Bayliss wakaanza kupima presha kwenye vena zilizo karibu na kapilari, hasa vena inayoingia kwenye ini. Wakaona kwamba ukifunga vena kuu juu ya ini, ni kweli presha ya ateri inashuka, lakini damu inakwama nyuma ya uzi na presha ndani ya kapilari za ini inapanda. Ni kama mfereji wa maji ya mvua ukizibwa na takataka: mbele pakavu, nyuma panafurika. Starling akafunga mishipa ya limfu inayotoka kwenye ini peke yake, na lile ongezeko lote likatoweka. Maana yake limfu yote ya ziada ilikuwa ya ini, mahali ambapo presha ya kapilari ndiyo iliyopanda. Jaribio lililokuwa linamuua Ludwig likageuka kuwa shahidi wake. Na zile dawa za kome na ruba? Zilikuwa zinaharibu ukuta wa kapilari za ini, ukavuja kuliko kawaida. Hakukuwa na haja ya seli zenye uamuzi wao.

Hiyo ilikuwa nusu ya kutoka. Bado kurudi, yaani swali la dogo wa dawati la nyuma.

Kwamba maji yanaweza kurudi kwenye damu moja kwa moja, bila kupita kwenye limfu, Starling alilihakikisha akiwa na mwenzake, Tubby. Waliweka rangi kwenye uwazi wa kifua au wa tumbo la mnyama wakasubiri waone itatokea wapi kwanza. Ilitokea kwenye mkojo kabla haijaonekana kwenye limfu. Kwa hiyo ilikuwa imeingia kwenye damu. Lakini rangi kupenya ni jambo moja, na lita za maji kuingia mahali penye presha kubwa ni jambo lingine kabisa. Maji hayapandi mlima bila kuvutwa.

Jibu lilitoka mwaka 1896. Starling alichukua miguu ya nyuma ya mbwa. Mguu mmoja aliudunga maji ya chumvi kwenye nyama mpaka ukavimba, mwingine akauacha. Kisha akapitisha damu kwenye mishipa ya miguu yote miwili, ikizunguka tena na tena. Damu iliyopita kwenye mguu wa kawaida ilibaki kama ilivyo. Ile iliyopita kwenye mguu uliovimba ilizidi kuwa nyepesi, imeongezewa maji. Mguu ulikuwa umekufa, hakuna moyo, hakuna limfu inayosukumwa, na bado maji yaliingia kwenye damu. Halafu akabadilisha kitu kimoja. Badala ya maji ya chumvi alidunga seramu, yaani maji ya damu yenyewe pamoja na protini zake. Hapo hayakurudi.

Mnaona? Tofauti kati ya vimiminika hivyo viwili ni protini. Chumvi inapita ukutani, inalingana ndani na nje, haina la kuvuta. Protini za damu ni kubwa, zinabaki ndani, na mahali zilipo zinayaita maji. Mama yangu akitia chumvi kwenye kachumbari, baada ya dakika chache bakuli lina maji chini, yametoka kwenye nyanya na vitunguu. Kwenye kapilari kinachofanya kazi ya ile chumvi ya mama ni protini, hasa albumini.

Watu walikuwa wanajua kwamba protini zina mvuto huo, ila waliudharau kwa kuwa ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa chumvi. Starling aliupima. Aliweka seramu upande mmoja wa utando unaopitisha maji na chumvi lakini unaozuia protini, akapata kama milimita 30 za zebaki. Ni namba ndogo kweli. Lakini presha ndani ya kapilari nayo ni ndogo, iko humo humo kwenye ishirini na thelathini na kitu. Namba mbili zinazokaribiana, moja inasukuma nje, nyingine inavuta ndani. Presha ikizidi, maji yanatoka. Ikipungua, kama vile mtu akipoteza damu nyingi, mvuto unashinda na maji ya tishu yanaingia kwenye mishipa kujaza pengo. Haya mahesabu ya kujumlisha na kutoa ndiyo leo yanaitwa nguvu za Starling. Alikuwa na miaka 30.

Mimi sikutegemea kitu kidogo hivi kingeeleza magonjwa mengi hivi. Moyo ukichoka, damu inakwama kwenye vena, presha ya kapilari inapanda, miguu ya mzee inavimba jioni na ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Figo zikivujisha protini kwenye mkojo, mvuto unapungua, mtu anaamka uso umejaa. Nyuki akikuuma, ukuta wa kapilari unavuja mpaka protini zenyewe zinatoka, na maji yanazifuata huko nje. Kwashakoo, au unyafuzi, kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba mtoto anavimba kwa sababu albumini imepungua, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama hilo peke yake linatosha. Na wenzetu wa Tanga, Lindi, Mtwara na Zanzibar wanaijua njia nyingine ya kuvimba: matende. Minyoo inayoletwa na mbu inaharibu mishipa ya limfu, maji na protini zilizotoka hazina pa kupitia, na mguu unakuwa kama wa tembo. Kila ugonjwa hapo umegusa kipande tofauti cha hesabu ile ile.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1899 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka huo huo akawa profesa wa fiziolojia chuo cha University College London, alipokuwa Bayliss. Tarehe 16 Januari 1902 wawili hao walichukua kipande cha utumbo wa mbwa, wakakata neva zake zote na kuacha mishipa ya damu tu. Waliposhusha tindikali ndani yake, kongosho likatoa maji yake ya kumeng'enyea chakula kama kawaida, ingawa hakukuwa na neva ya kupeleka habari. Kulikuwa na kemikali ndani ya damu. Waliiita sekretini. Mwaka 1905, akihutubia madaktari, Starling alitumia neno jipya kwa ajili ya kemikali zote za namna hiyo, kutoka kwenye Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kusukuma. Ndilo hili hili tunaloita homoni, mnalolitupia kila mara mtu akiwa na hasira hosteli.

Lakini siwezi kupita kwenye mbwa kana kwamba sikuwaona. Februari 1903 Bayliss alifanya onyesho mbele ya wanafunzi akitumia mbwa mdogo wa kahawia, ambaye Starling alikuwa amemfanyia upasuaji Desemba iliyotangulia. Wanawake wawili wa Kiswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walikuwa wamejiandikisha kama wanafunzi ili waone yanayofanyika mle ndani. Waliandika kwamba mbwa hakuwa amelazwa usingizi sawasawa. Mwanaharakati Stephen Coleridge akalisema hadharani, Bayliss akamshtaki kwa kumchafulia jina, na akashinda pauni 2,000, ambazo alizitoa kwa maabara. Ila mahakamani Starling alikiri kwamba sheria ilivunjwa: mnyama mmoja hakutakiwa kutumika mara mbili, na yeye alifanya hivyo ili asiue mbwa wa pili. Mwaka 1906 wapinzani wakajenga sanamu ya yule mbwa mtaa wa Battersea. Wanafunzi wa udaktari wakakasirika, na Desemba 1907 waliingia barabarani kama elfu moja hivi, wakapigana na polisi katikati ya London kwa ajili ya sanamu. Halmashauri iliing'oa usiku mwaka 1910. Nyingine ikasimamishwa mwaka 1985.

Nimejiuliza ningekuwa upande gani. Dogo wangu alipata jibu lake kwa miguu ya mbwa, na hilo siwezi kulikataa. Wakati huo huo, wale wanawake wawili waliingia darasani, wakatazama, wakaandika walichokiona, na wanafunzi wenzangu wa enzi hizo wakawajibu kwa ngumi. Upande huo sijivunii.

Mwaka 1914 akatoka na kazi ya moyo, akiwa na Patterson na Piper: moyo ukijazwa zaidi, unavutika zaidi, na pigo linalofuata linakuwa na nguvu zaidi. Hiyo mnayo kwenye notsi, nisiwachoshe. Vita ilipoanza alivaa sare na kupewa kazi ya kinga dhidi ya gesi za sumu. Mwaka 1916 alipelekwa Salonika, Ugiriki, kuwashauri wanajeshi, akarudi amewachoka wakubwa wa jeshi na kuwasema wazi kwamba hawaelewi sayansi wala hawataki kuelewa. Kuna jambo moja la vita hiyo linalorudi kwenye maji yetu. Majeruhi waliopoteza damu walikuwa wanapewa maji ya chumvi kwenye mishipa, presha inapanda kidogo, halafu inashuka tena. Bayliss aliona kwa nini: maji ya chumvi hayana protini, hayana cha kuyashika ndani, yanavuja. Akapendekeza yachanganywe na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ambayo chembe zake ni kubwa na hazipiti ukutani. Gundi ya mti ikafanya kazi ya albumini, kwa hesabu ya shemeji yake ya 1896.

Bayliss alipewa cheo cha Sir mwaka 1922. Starling hakupewa kamwe, na Nobel pia hakupata. Wanaoandika maisha yake hulihusisha suala la cheo na ulimi wake. Miaka hiyo ya vita aliishambulia pia elimu ya shule za wakubwa wa Uingereza, ambako kijana angeweza kukesha na Kilatini na Kigiriki kwa miaka kumi, akaja kuongoza nchi bila kujua chochote juu ya namna dunia inavyofanya kazi. Mimi ninayesomea ualimu nilipofika hapo nilikaa kimya kidogo. Kukariri Kilatini na kukariri mshale wa kapilari sioni vina tofauti gani.

Mwaka 1920 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa utumbo mpana na hakupona sawasawa. Bayliss alifariki mwaka 1924. Starling aliendelea na maabara akiwa mdhaifu, chini ya uprofesa wa utafiti wa Royal Society. Machipuko ya mwaka 1927 alipanda meli peke yake kuelekea visiwa vya Karibi, labda hewa ya bahari ingemsaidia. Alifariki melini tarehe 2 Mei, meli ikiwa inaingia bandari ya Kingston, Jamaika. Alikuwa na miaka 61. Alizikwa huko huko, mbali na mke na watoto wake.

Miezi hiyo hiyo, Mmarekani kijana, Eugene Landis, alikuwa anatoa matokeo ya kazi ambayo Starling asingeweza kuifanya: alichoma kapilari moja moja ya chura kwa bomba la kioo jembamba kuliko unywele na kupima presha yake moja kwa moja. Hesabu ikakubali. Baada ya Landis ndipo ulipoenea ule mchoro wa mishale miwili, kutoka upande wa ateri, kurudi upande wa vena. Starling mwenyewe hakuuchora. Yeye alizungumzia nguvu mbili zinazopimana, na nini kinatokea moja ikizidi.

Na mchoro wenyewe una kasoro. Mwaka 2010 Levick na Michel walikusanya vipimo vya miaka mingi wakaonyesha kwamba kwenye tishu nyingi, hali ikiwa ya kawaida, maji hayarudi upande wa vena. Yanavuja kidogo kidogo urefu wote wa kapilari, na kinachoyarudisha kwenye damu ni limfu. Kurudi moja kwa moja kupo, lakini ni kwa muda, presha inaposhuka ghafla, au mahali maalumu kama figo na utumbo. Hesabu ya Starling imebaki, ila imeongezewa utando mwembamba unaofunika ukuta wa kapilari kwa ndani, na mvuto wa protini unahesabiwa hapo.

Maana yake nilimjibu yule dogo vibaya mara mbili. Nilisema osmosisi bila kujua ya nini, na mshale wenyewe niliokuwa naueleza haukuwa pale nilipouchora. Kwa nini hatuvimbi? Kwa sababu ya limfu, ambayo kwenye andalio langu la somo ilikuwa na mstari mmoja, chini kabisa, nisiofika kwa sababu ya kengele. BTP ya mwaka huu nimepangiwa tena kidato cha pili, mkoa mwingine. Mchoro nimeshauchora upya kwenye daftari. Una mishale mitatu, na ule unaokwenda kwenye limfu ndio mnene.